Ofisi ya Kodi Haimjui Bikizee

Saa moja asubuhi, mama mpiga pasi amelala kifudifudi kwenye sakafu ya duka la dobi, simu mkononi, akimulika mgongo wa mashine ya kufulia. Anatafuta namba.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi na huyu, leo ndiyo namwona mgongo," anasema, na kucheka kwake kunapeperusha vumbi.

"Huyu" ni Bikizee, mashine kubwa kuliko zote dukani. Jirani yake ni Kifaru, inayorukaruka ikikamua, kisha Bwana Harusi, ambayo haijawahi kuchafuka. Hakuna mfanyakazi anayeziita vinginevyo.

Mwenye duka, mzee wa miaka sabini na mbili, anataka kupumzika. Amekubali kumwuzia mpiga pasi vifaa vyote kwa bei iliyo sawa na mishahara yake ya miezi arobaini, akiba ya miaka kumi na moja kwenye chama cha akina mama. Mkataba waliuandika wenyewe juu ya meza ya pasi: Bikizee mmoja, Kifaru mmoja, Bwana Harusi mmoja. Wakatia saini, wakanywa chai.

Mwanasheria alipousoma alicheka mpaka akavua miwani.

"Ofisi ya kodi haimjui Bikizee," aliwaambia.

Akawaeleza taratibu. Mama huyu ananunua vifaa, hanunui kampuni, kwa hiyo kwa kawaida madeni ya kampuni hayamfuati. Lakini kila kifaa kiandikwe kwa namba na bei yake, ijulikane nani analipa kodi ya mauzo, na namba zikaangaliwe kwenye daftari la dhamana, linaloorodhesha mali zilizowekwa rehani.

"Kama mashine iliwekwa rehani, benki inaweza kuifuata mpaka kwako," alionya. "Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia."

Ndiyo maana ya kulala sakafuni. Namba inapatikana, inapelekwa, na jibu linarudi: Bikizee yuko rehani.

"Mkopo ule nilishaumaliza zamani!" mzee anang'aka. Kweli aliumaliza, ila hakuwahi kuomba barua ya kuiachilia mashine. "Au huniamini, mwanangu?"

"Nakuamini, baba. Lakini wewe na mimi tukishakufa, benki haitauliza kama tulikuwa tunapendana."

Mzee anachukua kofia yake na kutoka. Siku mbili haonekani. Mpiga pasi anachoma kola ya shati la mteja, jambo ambalo halijamtokea kwa miaka.

"Naogopa nimepoteza mashine na mzazi kwa mpigo mmoja," anasema.

Siku ya tatu mzee anaingia na bahasha yenye barua ya kuiachilia mashine. Kumbe siku zote hizo alikuwa kwenye foleni za benki. Anavaa miwani na kusoma namba polepole, huku mpiga pasi akiwa amelala tena nyuma ya Bikizee.

"Soma tena, baba," sauti inatoka chini.

Mzee anasoma tena. Zinalingana.

Kimebaki cheti cha ofisi ya kodi cha kuthibitisha kwamba hakuna deni, kisha malipo na makabidhiano mwisho wa mwezi. Mpiga pasi anajipangusa magoti na kufungua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza una namba tatu, na mbele ya kila namba, jina.

"Siku moja na mimi nitachoka, nitauza," anasema. "Atakayenunua kwangu sitaki alale chini. Ila majina lazima ayajue, maana Bikizee haitikii namba."