Mablanketi ya Siku ya Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni Gathoni alinipeleka jikoni akanionyesha sufuria mbili. Yenye mfuniko ilikuwa ya wadi ya mbele, walikolala wazee wenye watoto wa kuwalipia. Isiyo na mfuniko ilikuwa ya wadi ya nyuma, ya wazee wasio na mtu. "Mama Kamau," akaniambia, "wa mbele ndio wanawabeba wa nyuma. Ukitia maziwa kwa sufuria ya nyuma, umetuua." Nikaamini. Mimi niliishia darasa la tatu, na yeye alikuwa amebandika saa kifuani.

Hayo yalikuwa makao ya wazee kule juu ya Giakanja, miaka michache baada ya Uhuru. Nyinyi vijana mna mashine za kufulia. Sisi tulifua shuka kwa mikono, na kwa mikono hiyo hiyo tukawageuza wazee wasipate vidonda vya kitanda, vile vinavyomchimba mtu anayelalia upande mmoja. Mgongo wangu uliharibikia hapo.

Lakini kilichonishtua ni Siku ya Wageni. Wafadhili wakisema wanakuja, mwenyekiti wa kamati, Ndirangu, alifungua stoo. Yakatoka mablanketi mekundu, mazito, bado yananuka duka. Tukawafunika wazee wa nyuma. Wageni wakawaona, wakafuta machozi, wakatoa mchango. Gari lao likishuka tu kilima, Matroni huyo, anapita kitanda kwa kitanda: lete, lete, lete. Wazee wakarudia magunia yao ya kujifunika.

Nilimuuliza dereva wetu, Muriuki, kwa nini wananyang'anywa, na wa mbele wanalipa. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Ati wa mbele wanalipa? Wale wanaahidi tu! Watoto wao ni marafiki wa mwenyekiti. Hawa wa nyuma ndio ng'ombe wa gredi wa hapa, wa kukamuliwa. Wageni wanatoa kwa sababu yao. Maziwa ya mbele yanatoka kwenye mchango huo, na zile nyumba za kupangisha za Ndirangu pale mjini pia."

Nilibaki na mwiko mkononi. Yaani wazee wanaokunywa chai ya rangi ndio walikuwa wakiwanunulia wengine maziwa!

Mwezi wa saba ukafika, na baridi ya ukungu wa kwetu mnaijua. Cucu Nyawira, yaani bibi Nyawira, wa wadi ya nyuma alikuwa anakohoa. Ujana wake wote alisuka viondo, vile vikapu vya katani. Wageni wakaja, na walipoondoka, Matroni alishika blanketi lake akavuta, na Cucu akaja nalo. Alikuwa amelishona kwa gauni lake, kwa uzi wa katani, kutoka mabegani mpaka chini.

"Matroni, umevuta ngozi na kondoo wake!" akasema mzee mmoja, na wadi nzima ikacheka.

"Ukitaka blanketi," Cucu akamwambia, "nipeleke stoo pamoja nalo. Huko hakuna baridi."

Ndirangu, aliyesimama mlangoni, hakucheka. "Mama Kamau, leta kisu."

"Kisu ni cha viazi, mwenyekiti."

Basi Matroni akatoa makasi yake mfukoni. Alikata haraka, gauni likapasuka, kipande kikaondoka na blanketi. Cucu akabaki ameketi na kamisi, amejikumbatia kifua, anatuangalia mmoja mmoja. Kesho yake kifua kilimbana. Nilimpelekea uji wa maziwa kutoka sufuria ya mbele, hakuweza kuumeza. Tulimzika kabla ya wiki kwisha.

Nilibaki, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kusomesha. Nilikuwepo hata siku Ndirangu alipofunga makao, miaka baada ya wageni kuacha kuja. Alisimama uani akasema tumefilisika, ati maskini hawana faida. Kisha stoo ikafunguliwa. Mablanketi yalikuwa yameoza, panya wamezalia ndani. Yule mtu hata hakuyauza!

Sasa nimekaa nyumbani Wamagana na mgongo wangu. Wasichana wanaosomea uuguzi huja kunisalimia, wananiambia wamefundishwa kwamba makao ya maskini hayawezi kujilipa. Mimi huwasimulia siku ile ya stoo. Muriuki alikuwa anayabeba mablanketi kwenda kuchomwa, na moja likawa limening'iniza kipande cha gauni la Cucu. Nikamwambia angoje. Nilitaka kukitoa kile kitambaa kisiungue nayo. Nilivuta kwa vidole, kikakataa. Uzi wa Cucu ulikuwa umeshika hivyo hivyo, miaka yote ile. Ilibidi niukate kwa meno.