Swali la Daktari Mbele ya Wakwe

"Nani katika familia zenu aliwahi kutetemeka hivi akiwa mtoto mchanga?"

Daktari aliuliza hivyo kwenye korido ya hospitali, na mimi, mwenye diploma ya chuo kikuu na mdomo usiotulia, nikageuka kumtazama mama. Kitovu cha mtoto wa dada yangu kilikuwa bado hakijadondoka. Alikuwa anakakamaa mkono, kisha uso, kisha mwili mzima, midomo ikigeuka rangi. Sindano walizompa zilimlaza usingizi tu. Akilala, anaendelea kutetemeka.

Swali lilikuwa zuri. Mahali pa kuliuliza ndipo palipokosewa. Benchi moja walikaa watu wetu wa Kasai, benchi la pili watu wa shemeji yangu, wajukuu wa wafanyakazi wa reli kutoka kaskazini. Kwetu hakuna anayetaja kifafa mbele ya wakwe. Ukikitaja, ugonjwa umepata mwenyewe.

"Kwetu?" mama mkwe wa dada alisema. "Babu zetu balitumika kazi mu reli mpaka pension. Hakuna hata mumoja alitetemeka."

"Na kwetu hakuna," mama akadakia. "Damu yetu iko safi. Labda mutazame upande ingine."

"Upande gani, mama?" mama mkwe akauliza.

"Minaongea na docteur, mama. Si na weye."

Daktari aliinua macho kwenye dari, akaondoka. Nikamfuata. Alinieleza kwamba seli za ubongo zina milango midogo sana; potasiamu ikitoka kupitia hapo, seli inatulia. Kuna familia ambamo mlango huo huzaliwa dhaifu, watoto wakatetemeka, na wengi hupona wakikua. Kama ndivyo ilivyo hapa, kuna dawa ya zamani inayosaidia.

"Inafungua huo mlango?"

"Hapana. Inabana mlango mwingine wa jirani, wa sodiamu."

"Yaani mlango mmoja umeharibika, munafunga wa jirani?"

"Mademoiselle, kupima jeni hapa hatuwezi. Kipimo chetu ni familia. Niletee jibu, tutabishana baadaye."

Nilimkuta mama nyuma ya jengo, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia, akisonga bukari kwa hasira.

"Mama, mutoto anaweza kufa."

"Sema polepole. Bale bakwe banasikia."

"Basi basikie!"

Alisonga mpaka nikadhani sufuria itatoboka. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Iko mumoja. Upande yetu. Alipona. Enda uambie docteur, yeye peke yake."

"Ni nani?"

"Unataka mutoto apone, ao unataka jina?"

Nilikwenda. Dawa ikabadilishwa. Mitetemo ikapungua, halafu ikakoma. Leo mtoto huyo anakimbia mtaa mzima wa Naviundu na kuvunja kila ninachonunua.

Lakini jina sikulipata. Kwenye kila harusi na kila matanga niliwachunguza wajomba: huyu anayepepesa macho? Yule anayedondosha vikombe? Nikimuuliza mama, ananituma dukani. Niliwahi kumwambia kwamba siri yake ingemuua mtoto. Akanijibu kwamba mtoto hakufa.

Miaka ilipita. Siku mahari yangu ilipopokelewa, gari la wakwe zangu lilipotoka tu uani, mama alifunga geti, akaanza kukusanya glasi, na hapo ndipo akaniambia. Yule mmoja nilikuwa mimi.