Anayesimama Nyuma ya Mtu wa Mwisho

Saa moja kamili jioni, Verlene Stubbs anatoka nje ya kituo cha kupigia kura katika mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani, na kusimama mahali ambapo hakuna anayependa kusimama: mwisho wa foleni.

Sheria ni rahisi. Aliyewahi kwenye foleni kabla ya saa moja atapiga kura, hata zamu yake ikifika baadaye. Anayekuja baada ya hapo amechelewa. Mpaka kati yao ni Verlene.

Mbele yake yuko Dale Hutto, mfanyakazi wa kiwanda cha kuku, aliyefika mbio na mabuti ya kazini. Kofia yenye jina la mgombea wake ameikunja mfukoni, kwani kituoni hairuhusiwi.

"Watu arobaini na mmoja mbele yangu!" anaguna. "Bi Verlene, mimi naenda zangu. Nimesimama kazini tangu alfajiri."

"Na mimi je, nimelala? Simama, mwanangu."

"Lakini mimi siupigii kura upande wako."

"Nani kakuuliza? Geuka mbele, foleni inasogea."

Watu wanacheka. Dale anabaki.

Siku za kawaida Verlene, mwenye miaka 63, huwapikia watoto 400 wa shule. Kwa uchaguzi hulipwa dola 180. Hakuja kwa ajili ya hizo.

Miaka sita iliyopita mumewe, Rufus, alikuwa kwenye foleni hiihii. Ilipotimia saa moja, mlango ulifungwa. Hakuna aliyesimama nyuma kuonyesha nani aliwahi, na watu kumi na tisa wakarudishwa. Rufus alifariki kabla ya uchaguzi uliofuata.

"Mpaka hospitalini alikuwa akiniambia, 'Verlene, nilikuwa kwenye foleni,'" anasema. "Hakuwa na hasira. Alitaka tu mtu amwambie, ndiyo, ulikuwepo."

Wiki tatu baada ya mazishi alijiandikisha kufanya kazi kituoni, akaomba nafasi hii.

Saa mbili na dakika ishirini, Dale anaingiza karatasi yake ya kura kwenye mashine ya kuhesabia.

"Wa mwisho!" msimamizi anatangaza. Ukumbi mzima unapiga makofi, wa chama hiki na wa kile. Leo hakurudishwa hata mmoja.

"Kura yangu imeifuta yako, Bi Verlene," Dale anamtania mlangoni.

"Basi rudi miaka miwili ijayo uifute tena. Utanikuta."

Amepania kurudi kila uchaguzi, mpaka magoti yakatae.

"Nataka yule wa mwisho afike nyumbani amwambie mkewe," anasema, akivua viatu. "'Nilikuwa kwenye foleni. Na nimepiga.'"