Mwamuzi Bado Yuko Njiani

Nisomeni mpaka mwisho kwanza, matusi yatafuata.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka huu, katikati ya maonyesho ya mbuzi, mzee Jöri alipiga goti nyuma ya mbuzi wake bora akaanza kumkamua.

Mbele ya watu wote. Bila ndoo. Maziwa yakawa yanamwagika kwenye majani.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Bwana mmoja akanong'ona, "Mzee kachanganyikiwa."

Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kilichompigisha goti pale ni mdomo wangu.

Naitwa Menga. Nafuga mbuzi kwenye bonde moja la milima ya Uswisi, na mwaka huu nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa maonyesho yetu.

Usisikie mwenyekiti ukadhani kuna kukaa. Ni kugongelea nguzo, kukodi vyoo, kuhesabu soseji, na kuwatenganisha mabwana wawili walionuniana ambao hata mbuzi wao hawataki wafungwe karibu. Juu ya yote hayo, ratiba ni yako. Hiyo ratiba ndiyo iliyoniponza.

Kwa wasiofuga, niwaeleze kidogo. Mbuzi wa maziwa hapelekwi kwa mwamuzi kiwele kikiwa kitupu. Unamkamua jioni ya kuamkia siku yenyewe, asubuhi humgusi. Mwamuzi akifika, kiwele kimejaa na umbo lake lote linaonekana.

Sasa mwamuzi akiwahi, hakijajaa. Akichelewa, mnyama anaumia. Ndiyo maana saa ya mwamuzi kwetu haichezewi.

Mbuzi wanafungwa kwenye boriti ndefu, wamepangwa mstari. Mwamuzi anapita, anapapasa, anahamisha huyu huku na yule kule. Atakayefungwa kulia kabisa ndiye mshindi. Wa kushoto kabisa ndiye mkia.

Na mwaka huu ushindi ulikuwa na uzito wake. Chama kilihitaji dume jipya la kupanda mbuzi wa bonde zima, na tulishakubaliana kwamba atakuwa mtoto wa mshindi. Watoto madume wengine safari yao ilikuwa Jumatatu, kwa mchinjaji.

Mzee Jöri alikuwa na Nera, mbuzi mweusi mwenye michirizi miwili myeupe usoni. Ukoo ule aliuanzisha mke wake, bibi Nesa, alipoolewa pale. Nera alikuwa wa mwisho. Mwaka huu alizaa mtoto mmoja tu, dume, na mzee magoti yalishamkataa, alishasema baada ya Nera hafugi tena.

Kwa hiyo kitoto kile kikichukuliwa na chama, damu ya mbuzi wa Nesa inaendelea kwenye mabanda yetu yote. Kisipochukuliwa, imeishia hapo.

Hakikuwa hata na jina. Kwetu dume hapewi jina mpaka apite.

Nesa mwenyewe alikuwa hospitali ya mjini tangu Krismasi. Kiharusi. Jumamosi ile ile ndiyo walikuwa wanamruhusu kurudi nyumbani, na mzee alishaomba gari limpitishe uwanjani kwanza amwone Nera.

Sasa njoo kwangu.

Mimi nina Zita, naye ana mtoto dume. Asubuhi ile nilitoka mbio kwenda kufunga hema la chakula, na kwa haraka zangu nikaacha kilango cha banda hakijakazwa. Kile kitoto kikapenya, kikanyonya kikashiba.

Nilipomfikisha Zita uwanjani, kiwele kilikuwa kimenywea upande mmoja kama soksi iliyovuliwa.

Mtu mwenye akili timamu angemrudisha mbuzi nyumbani, au angekubali kushika mkia. Mimi nikapiga hesabu nyingine. Nikimpa majani mazuri, maji ya uvuguvugu na muda kidogo, atajaza.

Majani yalikuwepo. Maji yalikuwepo. Na muda, si mimi ndiye mwenyekiti?

Mwamuzi alifika kwa wakati, mtu mpole kutoka mkoa mwingine, wengi hawamjui kwa sura. Nikamdaka pale pale kwenye maegesho.

"Karibu sana. Boriti yetu bado inafungwa, kidogo tu. Hebu nenda hotelini pale ukanywe kahawa, nitakuja kukuita."

"Hamna shida," akasema. "Nilikuwa naitamani hiyo kahawa."

Nikageuka, nikashika kipaza sauti.

"Ndugu wafugaji, tunaomba uvumilivu. Mwamuzi amekwama njiani."

Fiksi mbili, tena sikupepesa macho.

Mwanzoni ilikuwa utani. Luzi, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akapaza sauti, "Menga, huyo mwamuzi wako anakuja kwa miguu?"

"Amepanda mbuzi!" mwingine akadakia. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, tena kwa nguvu.

Baadaye kicheko kikaisha.

Mbuzi walianza kulia. Wengine walikuwa wanapanua miguu ya nyuma, wengine wamesusa majani. Nera ndiye alikuwa na maziwa mengi kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyeteseka kuliko wote. Chuchu zilikuwa zimetuna, zinadondosha matone.

Zita wangu, kwa raha zake, alikuwa anajaza taratibu.

Mzee Jöri akanijia, kofia mkononi.

"Menga, mwanangu, Nera anaumia. Nimkamue?"

Sheria anaijua kuliko mimi. Mbuzi akikamuliwa kabla ya kuamuliwa, anapelekwa kushoto kabisa, hakuna mjadala.

"Subiri kidogo tu, mzee. Amekaribia."

"Haya. Shughuli ni yako, nakusikiliza wewe." Akavaa kofia. "Ngoja nisogee barabarani pale, nione kama gari la Nesa linakuja."

Akaondoka. Ningeweza kumwita. Ningeweza kushika kile kipaza sauti nikasema mwamuzi amefika, twende kazi. Nikaenda kumwangalia Zita, nikaona upande ule umebakiza kidogo.

Kidogo tu, jamani.

Mzee alikaa huko muda, kisha akarudi. Safari hii hakuvua kofia. Akasimama karibu yangu kabisa.

"Mwamuzi yuko wapi, Menga?"

"Bado yuko njiani, mzee."

"Njiani."

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi yangu. Mimi nikajifanya waya wa kipaza sauti umejisokota, nikainama kuunyoosha.

Nilipoinua kichwa, alishafika kwa Nera na alishapiga goti.

Nilimwona Nera akishusha pumzi, shingo ikalegea, akaanza kula majani. Roho iliniuma, nisiwadanganye. Ila haikuniuma vya kutosha, maana muda ule ule nilikwenda hotelini kumwita mwamuzi.

Gari la hospitali liliingia wakati mbuzi wanahamishwa kwenye boriti. Wakamshusha bibi Nesa na kiti chake cha magurudumu. Alipomwona Nera akacheka, nusu ya mdomo ikicheka na nusu imekaa kimya, akawa anapigapiga paja lake kwa ule mkono mzima.

Nera alikuwa kushoto kabisa.

Zita alikuwa kulia kabisa.

Mwamuzi akaeleza sababu zake kwa kipaza sauti. "Huyu ana kiwele kilichokaa vizuri. Wengine wengi leo wamejaa kupita kiasi, sijui kwa nini."

Wakamvisha Zita shada la maua kwenye pembe zake. Wa kwanza kunishika mkono alikuwa mzee Jöri.

"Hongera," akasema. Kisha akarudi kusukuma kiti cha Nesa.

Usiku nikajiambia nitakwenda kumwambia ukweli. Jumapili ikafika, nikajiambia Jumapili watu wanapumzika. Simu za pongezi zilikuwa haziishi na kila aliyenipigia nilimjibu "asante."

Jumatatu nikaamka mapema nikaenda. Banda lao lilikuwa wazi. Nera alikuwa amesimama mlangoni anaita, anaita, hanyamazi.

Mzee alishatoka na kile kitoto. Alikuwa amewahi kuliko mimi.

Nikarudi nyumbani. Ndiyo, nilirudi. Ningefanya nini, nimgongee Nesa nimwambie?

Jumatano simu ikaita. Nesa.

"Menga, kesho sikukuu ya Kupaa. Njoo tule wote. Usikatae."

Nikasema hapa hapa. Nitawaeleza wote wawili, mezani, nikitukanwa nitukanwe, nikifukuzwa nifukuzwe. Njia nzima nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno yangu.

Nikaingia. Harufu ya nyama ya kuoka ilinipokea mlangoni.

Nilielewa kabla sijavua koti.

Mezani palikuwa na ugali wa manjano wa kwetu huku, ule wa mahindi uliokorogwa na jibini, na katikati sinia la nyama laini ya mtoto wa mbuzi. Nesa alikuwa anapakua mwenyewe kwa mkono mmoja, hataki kusaidiwa.

"Paja hili nimekuwekea wewe," akasema.

"Bibi, ni nyingi."

"Kula. Jöri ameniambia kila kitu."

Nikarudisha uma kwenye sahani.

"Kwamba ulisimamisha maonyesho yote kwa ajili yangu," Nesa akasema. "Gari la hospitali lilichelewa, wewe ukawazuia watu mpaka nifike. Wakakulalamikia, ukanyamaza. Menga, nani mwingine angenifanyia hivyo?"

Nikamgeukia mzee Jöri. Alikuwa anakata nyama yake vipande vidogo vidogo, hainui macho.

Nikafungua mdomo. "Bibi Nesa, ukweli ni kwamba..."

"Chumvi," mzee akasema.

"Nini?"

"Chumvi haipo mezani, Nesa."

"Nimeisahau!" Nesa akasema. Nikataka kuinuka, akanizuia. "Kaa, wewe mgeni. Daktari mwenyewe kasema nitembee."

Akachukua fimbo yake akaelekea jikoni, hatua moja, apumzike, hatua nyingine.

Mzee akasubiri mpaka amekunja kona.

"Nilipokwenda kuangalia gari, niliingia hotelini," akasema kwa sauti ya chini. "Nikamkuta mwamuzi. Tukanywa kahawa wote. Akaniuliza boriti yenu itakuwa tayari saa ngapi."

Nyama ilikuwa mdomoni. Ikakwama hapo hapo.

"Kwa hiyo uliporudi kuniuliza..."

"Nilikuwa najua."

"Mzee, mbona hukusema mbele za watu? Ungenishika!"

"Nilikuuliza wewe. Ulitaka nikuulize mara ngapi?"

Nikakimeza kile kipande bila kutafuna.

"Nesa akaona Nera yuko mkiani, kiwele kitupu," akaendelea. "Akaniuliza kwa nini. Ningemjibu nini? Kwamba ni Menga? Mama yako alipolala kitandani mwaka mzima, si Nesa ndiye aliyekuwa anakuletea maziwa mlangoni? Nikamwambia ulikuwa unamsubiri yeye, mimi nikashindwa kuvumilia nikamkamua Nera. Akafurahi. Tangu Krismasi hajacheka, Menga. Jumamosi alicheka."

"Nitamwambia mwenyewe. Nitamwomba msamaha. Shada nitarudisha, dume langu nitalitoa..."

"Halafu?"

"Halafu..."

"Wewe utapata usingizi. Yeye je?"

Fimbo ilikuwa inagonga sakafu, inakaribia. Mzee akachukua uma wake.

"Hutamwambia," akasema. "Kula."

Nesa akatokea na kichupa cha chumvi mfukoni, uso umemwiva kwa ushindi wa kufika jikoni na kurudi.

"Mbona hamli? Imekuwa ngumu?"

"Nzuri sana, bibi."

Na nilikula. Kila kipande. Nilipomaliza akaniongeza, nikala tena, naye akanitazama mwanamke wa watu kwa upendo mpaka sahani ikawa nyeupe.

Uenyekiti nimeuacha, nimesema nimechoka, wamenibembeleza. Dume langu limepewa jina na limepanda mlimani na mbuzi wa wenzangu. Nesa sasa kila anayemtembelea anamsimulia wema wangu. Juzi Luzi kanipigia simu kuniomba radhi kwa ule utani wake. Kuniomba mimi radhi!

Majina nimeyabadilisha. Na nimeandika kwa Kiswahili, lugha niliyoipata Njombe miaka niliyokuwa nafundisha watu kutengeneza jibini, kwa sababu Nesa haisomi. Wengine wote duniani naweza kuwaambia. Yule mmoja ninayepaswa kumwomba msamaha ndiye niliyekatazwa kumwambia.

Somo langu ni dogo. Nafasi ya kusema kweli huwa inakuja kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu anakuuliza swali jepesi, unalolijua jibu lake. Lijibu hapo hapo. Ukilipita, utakuja kuomba msamaha siku ambayo msamaha wako ni faida kwako na jeraha kwa mwenzako, na hapo utalazimika kuunyamazia na kuishi nao.

Nesa amenialika tena mwezi ujao. Nitakwenda.