Ini Nililoliita Sukari

Nakumbuka mwaka ule, mwanangu, nilipokuwa na miaka hamsini na akili za ujana bado hazijaniisha. Nilikuwa nafundisha watoto Kurani hapa Bugembe. Daktari mmoja wa Jinja akanipima, akaniambia ini langu limejaa mafuta. Akaniandikia dawa ya wagonjwa wa sukari na kunieleza taratibu: sukari sina, ila dawa ile husaidia hata ini kama langu. Nitembee, nipunguze chapati na chai tamu.

Mimi nilisikia neno moja tu, ini. Kwetu ukisema unaumwa ini, watu wanataka kujua unakunywa pombe wapi. Mwalimu wa Kurani! Niliona aibu sana. Basi kila aliyeziona dawa zangu nilimwambia nina sukari, na uongo ukapita kirahisi, maana dawa zenyewe zilinitolea ushahidi.

Nikaenda Nakaloke, karibu na Mbale, kwa dada yangu Zamzam aliyekuwa anamwoza binti yake. Dawa nikazisahau nyumbani. Zamzam ana sukari ya kweli, ya miaka mingi. Asubuhi, akiamini nami ninayo na dawa nimeziacha, akanipa vidonge vyake viwili, kwa moyo mweupe kabisa. Ningesema ukweli palepale, lakini wageni walikuwa wamejaa, nikameza. Chakula kikachelewa. Kabla ya adhuhuri jasho lilinitoka, mikono ikatetemeka, nikaanguka mbele ya bwana harusi.

Nilizindukia hospitali, Mbale, nimetundikiwa dripu. Vidonge vya dada vilikuwa vya kushusha sukari, na mimi sikuwa na ya kushusha. Ndipo nikakiri. Zamzam alilia kwanza, kisha akakasirika.

"Wewe unaogopa watu watasema unakunywa pombe," akaniambia. "Na mimi je? Wangesema mimi naua ndugu yangu na mkono yangu."



Leo ini langu linaendelea vizuri, daktari mwenyewe anafurahi, na hao waliotaka kucheka wamecheka wakachoka. Kwa hiyo, mwanangu, ugonjwa wako utaje kwa jina lake. Dawa uliyoandikiwa ni yako peke yako, hata kama jirani ana inayofanana nayo. Mungu akupe afya, na akupe dada wa kukugombeza kama wangu.