Msonobari Uliobebwa Pamoja na Maua

Morio Hibino hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na mimi naamini hicho ndicho kilichommaliza. Miaka yote aliyofanya kazi katika vitalu vya Inazawa, nje kidogo ya jiji letu la Nagoya, alikuwa yule anayeachiwa zamu ya kumwagilia siku ya mwaka mpya, yule anayekula wa mwisho, yule anayeombwa radhi akiwa amekwisha kukanyagwa. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Ukimpa mche uliopinda wenye matawi ya ovyo, aliufunga waya, akakata hapa, akaacha pale, na miaka ikipita unakuta mti mzima wa mlimani, na bado unaenea kiganjani.

Tajiri wake alipofariki, wanawe walikisawazisha kitalu wakakifanya maegesho ya magari. Hibino wakamwachia ile miti midogo ambayo hakuna aliyeitaka, na hiyo ndiyo ikawa asante ya maisha yake. Alikuwa anakaribia sitini. Nani angemwajiri? Basi yeye na mkewe Sumie, ambaye hupika katika jiko moja la vyakula vya kufungasha, wakapiga moyo konde. Walipanga duka lililokuwa la vitambaa hapa mtaani kwetu Ozone, lenye ua wa saruji nyuma unaopata jua la asubuhi, wakaandika ubao: Kitalu cha Hibino, Bonsai, yaani miti midogo ya chunguni.

Katika miti yote ile, mmoja haukuwa wa kuuzwa. Ulikuwa msonobari mweusi, mfupi, mnene wa shina, gamba lake limepasukapasuka kama la mti wa karne nzima. Hibino aliupanda ukiwa mbegu wiki aliyozaliwa binti yake wa pekee, Chinatsu. Tangu binti akiwa shuleni alikuwa akimwambia, "Siku utakayokuwa na ua wako mwenyewe, huu ni wako." Sasa Chinatsu alikuwa ameolewa Hamamatsu, na mwaka huo walikuwa wanajenga nyumba yenye kiua mbele.

"Mwaka mpya tutakuja kuuchukua, Baba," alisema. "Nimeshaambia mafundi wasiweke kitu mahali pake."

Hibino hakuwa na shamba wala nyumba ya kumrithisha mtoto. Alikuwa na msonobari.

Sasa, huku kwetu duka jipya likifunguliwa, majirani hutuma maua makubwa yaliyopangwa kwenye miguu ya mianzi, yanasimamishwa mlangoni, na wapita njia huyang'oa wakaenda nayo nyumbani. Watu wa Tokyo wakiona hushtuka, wanadhani ni wizi. Si wizi. Maua yakiisha upesi, duka lina baraka, na mwenye duka husimama pembeni akitabasamu na kushukuru. Maua yakibaki mpaka jioni, hapo ndipo watu humhurumia.

Hibino alilijua hilo tangu utotoni, na ndiyo maana akajiona ana akili sana. Wanaokuja kwa ajili ya maua, aliwaza, wataiona na miti. Akaweka ubao mrefu chini ya maua, akaipanga miti yake midogo yote: mikomamanga, mitufaha pori, misonobari ya kiganjani. Katikati akauweka ule wa Chinatsu.

"Baba Chinatsu, na huo nao unautoa nje?" Sumie alimuuliza.

"Wauone tu. Mtu akiuona huo atajua sibahatishi."

"Andika basi kwamba hauuzwi. Andika wasiguse."

"Siku ya furaha niwaandikie watu wasiguse? Mama, hiyo ni aibu."

"Wanawake wa mtaa huu nawajua mimi. Wakiona maua wanaota mikono minane."

"Maua ni maua na miti ni miti," Hibino alisema, akacheka. Sumie akaingia ndani kuandaa chai ya wageni.

Walikuja na baiskeli zao, vikapu vitupu mbele, kofia pana za jua zimewafunika mpaka puani. Wengine walibeba magazeti ya zamani ya kufungia. Mbele yao alikuwa Bibi Kagohashi, mjane wa nyumba ya pembeni mwa hekalu, mwanamke mwenye sauti ya mnada. Maua yalipukutika kufumba na kufumbua. Kisha mmoja wao akainama.

"Jamani! Huyu anatoa na vyungu!"

"Usiniambie!"

"Mchukulie na dada yako, ana mguu mbaya. Hibino, hongera! Hatujawahi kuona ufunguzi wa hivi!"

"Moyo wa kutoa huo! Duka hili litafika mbali!"

Hibino alifungua kinywa. Alitaka kusema hapana. Aliliona neno lenyewe, lilikuwa pale pale ulimini. Lakini kugomba siku ya kufungua duka ni kuifukuza bahati kwa fagio, na watu walikuwa wanamtakia heri kwa nyoyo safi, na yeye alikuwa Hibino. Akainama. Akainama tena. "Asanteni sana," akasema. "Karibuni tena." Aliuona msonobari ukinyanyuliwa na mikono miwili, ukapita katikati ya kofia, na kofia zote zilifanana.

Sumie alitoka na sinia la chai akakuta ubao mtupu.

"Iko wapi?"

"Wameibeba."

"Yote?"

"Yote."

"Na wa Chinatsu? Uliona ukibebwa?"

"Niliona."

"Ukasema nini?"

"Niliwashukuru."

Sumie aliweka sinia chini, akaketi kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko.

Angeweza kwenda mlango kwa mlango kuudai. Mimi ningekwenda, tena na kelele. Ila mtu anayedai kurudishiwa kilichobebwa siku ya ufunguzi, mtaa mzima ungemcheka hata mwaka wa pili. Hibino aliamua kungoja. Alijifariji kwamba kila mti uliobebwa ni mteja atakayerudi, maana mti wa chunguni hauishi bila fundi. Watakuja kuuliza, aliwaza. Wataileta niipogoe, niibadilishie udongo, na siku moja mtu ataingia na ule wa Chinatsu mkononi.

Ndani ya ua mlikuwa mmebaki miti mikubwa mikubwa ambayo ingehitaji mteja mwenye mfuko, na wateja wa namna hiyo hawapiti Ozone. Kwa hiyo kila asubuhi alifunga mlango akazunguka vichochoroni akichungulia madirisha. Aliuona mtufaha pori wake kwa kinyozi Tsuge, juu ya kabati la taulo za moto. Aliuona mkomamanga katika mkahawa wanakokwenda watu wazima kunywa kahawa ya asubuhi na mkate wa kuchoma. Ulikuwa kando ya mashine, na wateja waliumwagia mabaki ya maji ya barafu.

"Mama, samahani sana," alimwambia mwenye mkahawa. "Huu unataka jua na upepo. Uweke nje."

"Nje?" mama yule akaruka. "Si utaibwa!"

Mkahawa mzima ulicheka, na Hibino akacheka nao kwa sababu hakuwa na jinsi. Aliwauliza watu kama wamewahi kuona msonobari mnene wa namna hii na hii. Kila mtu alisema lazima uko kwa fulani, na fulani akasema uko kwa mwingine. Bibi Kagohashi hakumkuta. Alikuwa amekwenda kwa mwanawe Gifu kuuguza mjukuu, na nyumba yake ilikuwa imefungwa madirisha.

Kisha likaja joto. Joto la Nagoya halihitaji kuelezwa, hata lami hulia. Miti ile iliyofungiwa majumbani, mingine inapigwa na viyoyozi, mingine imesahauliwa juu ya televisheni, ilianza kufa mmoja baada ya mwingine. Watu hawakusema tumeiua. Walisema, "Miti ya Hibino haidumu."

"Ni kama wale samaki wadogo wa dhahabu wanaotolewa kwenye sherehe," kinyozi Tsuge aliwaambia wateja wake akiwanyoa. "Unakwenda nao nyumbani kwa furaha, kesho unawakuta wamelala ubavu."

"Ndiyo maana aliigawa bure," mteja akajibu. "Alijua."

Maneno hayo yalifika kitaluni kabla ya jioni, maana mtaa wetu hauna siri. Hibino aliyasikia, akaendelea kung'oa magugu madogo kwa kibano. Hakukasirika, angekasirika ningempenda zaidi. Aliumia tu. Tangu siku hiyo watu walipita mbele ya duka wakigeuza shingo upande wa pili. Mshahara wa Sumie wa jikoni ndio ukalisha nyumba na duka pamoja.

Chinatsu alipiga simu mara kwa mara. Sumie ndiye aliyepokea.

"Msonobari wangu haujambo?"

"Haujambo kabisa. Baba yako yuko nao nje."

Akikata simu alikuwa hamtazami mumewe. "Utamwambia lini?"

"Ukipatikana."

"Na usipopatikana?"

Ilipofika vuli waliafikiana kufunga duka mwisho wa mwaka. Miti mikubwa itachukuliwa na mtu wa Inazawa, kama fadhila. Kilichobaki ni kumtafutia Chinatsu mti wake, wala Hibino hakuomba zaidi ya hapo. Alisema afe maskini, atukanwe mtaani, ila mtoto asikute mikono mitupu.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi Bibi Kagohashi aliingia dukani bila kubisha, amekumbatia kitu ndani ya kitambaa cha zambarau.

"Hibino! Nimekuja kukutoa aibu. Nimerudi juzi nasikia wanakusema vibaya, nikawaambia, nyamazeni, mnasema nini ilhali wa kwangu huu hapa?"

Akakifungua kitambaa. Ulikuwa wenyewe. Shina lile, gamba lile, tawi la kushoto alilolivuta kwa waya Chinatsu akiwa ameanza shule. Na ulikuwa kijani toka chini mpaka juu. Hibino alishika meza. Kwa pumzi chache alikuwa mtu aliyefanikiwa katika maisha.

"Nilikwenda nao mpaka Gifu, pamoja na picha ya marehemu mume wangu," Bibi Kagohashi aliendelea. "Siuweki popote ovyo. Unakaa mbele ya picha hiyo, pale penye ubani. Kila asubuhi nampa yeye chai, na mti nao naupa ya kwake."

"Chai?"

"Tena moto moto. Huyu bwana hakupenda iliyopoa."

Hibino alikivuta chungu karibu. Alijifanya anapapasa udongo. Kisha kwa ukucha wa kidole gumba, chini ya tawi ambako bibi asingeona, akakwangua gamba kidogo. Mti ulio hai ungeonyesha unyevu na rangi ya majani. Huu ulikuwa kahawia, mkavu kama kijiti cha kiberiti. Akakwangua kwenye shina. Kahawia. Msonobari una tabia hiyo. Hufa, na majani yake hukaa wiki na wiki bila kupata habari. Huu ulikuwa umekwisha kufa tangu kwenye joto, na kabla ya mwaka mpya ungekuwa mwekundu wote.

"Unasemaje?" bibi aliuliza, macho yanamwaka. "Nimeutunza?"

Huyu ndiye mtu pekee katika mtaa mzima aliyekuwa anamtetea. Na alikuwa mjane mwenye miaka mingi, aliyeshiriki chai yake na mti.

"Umeutunza vizuri sana, Bibi," Hibino alisema, akainama.

"Nilijua! Basi nakuachia siku chache uukate kate nywele. Halafu nitawaleta wale wenye midomo waje waone."

Alipotoka, Hibino alibaki amesimama mbele ya mti. Alijua angepaswa kulia, ila hakuweza. Alichukua birika la kumwagilia, akaumwagilia taratibu mpaka maji yakatoka chini ya chungu, kama ambavyo angeumwagilia ukiwa hai. Sumie alimkuta hapo akitoka kazini.

Alitoa ukelele. "Umerudi! Baba Chinatsu, umerudi!" Alizunguka chungu, akagusa majani, akajifuta macho kwa pindo la aproni. "Tazama ulivyo kijani! Tangu masika namdanganya mtoto. Kila akiniuliza nakufa kidogo. Leo namwambia yote."

"Mama, ngoja kwanza."

Hakungoja. Alikuwa amekwisha kubonyeza simu, na maneno yalimtoka mbio: jinsi ulivyobebwa, jinsi alivyomdanganya, jinsi baba yake alivyouzungukia mtaa mzima, jinsi ulivyorudi mzima. Alicheka na kulia kwa pamoja, na uso wake ulikuwa umepata tena ujana. Hibino alikuwa hajauona uso ule tangu siku ya ufunguzi. Kisha akamnyooshea mumewe simu.

"Anataka akusikie wewe. Mimi haniamini tena."

Hibino aliipokea kwa mikono miwili.

"Baba?" sauti ya Chinatsu ilikuwa imejaa machozi. "Ni kweli? Bado ni kijani?"

Aliutazama msonobari. Hakuwahi kumdanganya binti yake hata mara moja.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Bado ni kijani."

"Basi mwaka mpya nakuja kuuchukua."

Sumie alikuwa anamtazama, amekunja mikono kifuani, anatabasamu.

"Njoo," Hibino alisema.