Umetoka Wapi?

Jina la Bi Dodoso alibandikwa na wenzake ofisini, likamganda hata baada ya kustaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya mipango ya mkoa, na kazi yake ilikuwa kusimama penye watu, karatasi mkononi, na kuuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole, hata mwenye haraka alijikuta ameshajibu.

Dodoso lililomkosesha raha lilikuwa la uwanja wa ndege. Mwaka ule uwanja wa mjini ulikuwa umeanza kufurika, na wapanga mipango walitaka kujua jambo moja: abiria hawa ni wa wilaya gani? Ikionekana wengi ni wa wilaya za juu, ule uwanja mdogo wa huko, uliogeuka malisho ya mbuzi, ungetengenezwa na msongamano ungepungua. Wasipoonekana, ujenzi wote ungeelekezwa mjini.

Alisimama kwenye mlango wa wanaoondoka kwa siku sita. Swali la tatu lilisema: "Umetoka wapi?" Abiria walijibu, naye akaandika: mjini, mjini, mjini.

Siku ya tatu akaja fundi cherehani mmoja, mkanda wa kupimia bado unaning'inia mfukoni.

"Umetoka wapi, kaka?"

"Kwa shemeji yangu, hapo nyuma ya soko."

Akaandika mjini. Fundi akachungulia karatasi, akacheka.

"Mbona unanipa uraia wa mjini bure, bibie? Kwetu ni juu huko, kutwa nzima kwenye basi. Ungeuliza kwetu ni wapi, ningekuambia. Wewe umeuliza nimetoka wapi, na mimi nimetoka kitandani kwa shemeji!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Dodoso naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Basi la wilaya za juu lilifika jioni, na ndege ziliondoka asubuhi. Hakuna mtu wa huko aliyeweza kupanda ndege bila kulala mjini kwanza. Hata dada yake mwenyewe, kila aliposafiri, alilala kwake. Na madodoso zaidi ya mia nne yalikuwa yameshajazwa.

Alimrekebishia yule fundi peke yake. Waliofuata aliwauliza vilevile kama ilivyoandikwa. Bosi wake alikuwa mkali wa tarehe, na kurudia kazi kulikuwa ni kukiri kwamba siku tatu zimekwenda bure. Akajiambia wakubwa, na elimu yao yote, wataligundua. Hawakuligundua. Ripoti ilitoka na jalada la bluu: karibu abiria wote ni watu wa mjini.

Jengo la uwanja wa mjini likapanuliwa, likajaa. Likapanuliwa tena, likajaa tena, mpaka foleni ya ukaguzi ikatoka mlangoni na kuzunguka maegesho ya magari.

Miaka ikapita. Dada yake akapata presha ya macho, ikabidi asafiri mara kwa mara kwenda hospitali ya mbali. Alishuka kwenye basi miguu imevimba, akalala kwenye kochi la sebuleni.

"Mdogo wangu, kochi lako lina mbavu," alikuwa akitania. "Madaktari waniachie macho, wanitibu mgongo."

Mwaka jana alipangiwa kupasuliwa. Yeye na Bi Dodoso walipanga foleni uwanjani tangu alfajiri, na ndege ikaondoka wakiwa bado na watu arobaini mbele yao. Nafasi nyingine hospitalini ilipatikana baada ya wiki saba. Kabla hazijaisha, jicho la kushoto likazima.

Ndipo Bi Dodoso alipokwenda kwenye ofisi yake ya zamani. Mpanga mipango, binti wa umri wa kuwa mwanawe, aliitoa ile ripoti ya bluu kabatini akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hii bado tunaitumia," alisema. "Kila mpango uliofuata umeanzia hapa."

"Basi anzeni upya. Tengenezeni uwanja wa juu."

Binti akakunjua ramani. "Uwanja gani, mama? Umeshakatwa viwanja. Watu wamejenga, wanaishi." Akaikunja tena. "Ungesema siku ile ya tatu."

"Najua."

Akaomba kalamu. Aliandika maelezo ya kurasa mbili, akatia sahihi kwa jina lake kamili, ambalo binti ilibidi alisome mara mbili.

Aliporudi nyumbani, dada yake alikuwa amekaa kwenye kochi, jicho zima amelielekeza mlangoni.

"Umetoka wapi wewe, na jua lote hili?"

Angeweza kusema sokoni. Alivua viatu, akasimama katikati ya sebule na mkoba wake bado begani.

"Nitakuambia, dada. Ila nitaanzia mbali, na ukikasirika usiniambie hujakasirika."

Dada yake akakunja miguu, akampisha akae.